"Ukishafika sitini, hakuna bima inayokutaka" na maneno mengine yanayotugharimu

Hapa Nakuru, habari za bima ya matibabu kwa wazee huanza siku ya bili. Mzazi amelazwa, kundi la familia limefunguliwa WhatsApp, paybill imetumwa, ndipo mtu anauliza, "Kwani Mama hakuwa na kadi?" Hapo kila mmoja anajibu kwa alichosikia kwa jirani, na mengi ya majibu hayo si kweli.

"Ukipita miaka sitini, hakuna kampuni inayokuchukua."

Najua dhana hii ilikotoka. Bima nyingi za kawaida hufunga mlango kwa mteja mpya akifika miaka 60 au 65. Lakini umri wa mwisho wa kuingia ni jambo moja, na umri wa mwisho wa kuhuisha, yaani kulipia tena kadi uliyo nayo muda wake ukiisha, ni jambo jingine. Aliyeingia akiwa na miaka 55 anaweza kuendelea na kadi yake miaka mingi baadaye. Aliyechelewa naye ana bima zilizotengewa wazee, na baadhi humpokea hata mtu wa miaka 70 akishapimwa na daktari. Ada ni kubwa, nayo hupanda kadiri umri unavyosonga. Muulize wakala mipaka yote miwili, akujibu kwa maandishi.

"Ukitaja presha watakukataa. Nyamaza tu."

Hili ndilo linaloniuma. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa huko Bahati, alijaziwa fomu kwenye meza ya jikoni kwake. Kalamu alishika wakala. Wakafika kwenye swali la kama amewahi kutibiwa shinikizo la damu, kisukari, moyo au figo. Dawa zake za presha zilikuwa pale pale mezani, ndani ya kopo la Kimbo, na kadi ya kliniki imekunjwa juu yake. "Mama, tuweke hapana, hawa hawachunguzi," wakala akasema. Shangazi akatia sahihi.

Miezi mitano baadaye kiharusi kikamwangusha. Hospitali ikaomba idhini, kampuni ikataka historia yake ya matibabu, daktari akaandika alichokijua: presha tangu 2016. Dai likakataliwa. Tulilipa kwa mchango na kwa ng'ombe wawili.

Mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu kamili. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha bei au uamuzi wa kukupokea, kampuni inaweza kukataa dai au kuuvunja mkataba wenyewe, na anayeulizwa ni aliyetia sahihi hata kama kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine. Ukisema ukweli, mara nyingi utaongezewa ada, au ugonjwa huo utawekewa muda wa kusubiri, kwa kawaida mwaka mzima, au utapewa kikomo chake cha malipo. Wakati mwingine utaachwa nje kabisa. Hata hivyo nimonia ikikulaza au nyonga ikivunjika, kadi yako ipo hai. Wazee wetu wasomewe fomu yote kwa sauti, na kila ukurasa upigwe picha kabla haujaondoka nyumbani.

"Nikilipa leo, kesho natibiwa."

Kwa ajali, mara nyingi ndiyo. Ugonjwa wa kawaida wa kulazwa husubiri siku 30 hivi, na upasuaji usio wa dharura husubiri zaidi. Ukichelewa kuhuisha, hesabu inaweza kuanza upya, kwa hiyo tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda ya ukutani.

"Nikiwa na bima ya kampuni, SHA ya nini?"

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na kujisajili ni matakwa ya sheria. Haimkatai mtu kwa sababu ya umri wala ugonjwa aliokuja nao, jambo ambalo hakuna kampuni inayokuahidi. Isitoshe, bima nyingi za binafsi huhesabu kwamba SHA italipa sehemu yake kwanza ukilazwa. Kama hujalipa SHA, sehemu hiyo inaweza kukurudia wewe. Mzee mwenye hela kidogo aanze na SHA.

Na hapa wengi wetu hukosea: mzazi hayumo kwenye SHA ya mwanawe. Mchango wako unamhusu mwenzi wako na watoto. Mama na Baba hujisajili wenyewe, hata kwa simu ya mulika mwizi kupitia *147#. Bima ya kazini nayo aghalabu huishia hapo hapo kwa mke na watoto, isipokuwa mwajiri akubali uwaongeze wazazi kwa pesa yako.

"Imeandikwa milioni moja, basi nina milioni moja."

Soma jedwali la ndani. Mtoto wa jicho, saratani, kusafishwa figo, dawa za kila mwezi: kila kimoja huweza kuwa na kikomo kidogo chake. Angalia pia kama hospitali unayoifikia kwa urahisi imo kwenye orodha yao.

Wakala yeyote anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, na huko huko ndiko malalamiko hupelekwa. Mwombe aionyeshe kabla hujamkaribisha chai.

Shangazi alipata kampuni nyingine. Ada iko juu, kiharusi kimeachwa nje, presha inasubiri mwaka. Safari hii hakumpa mtu kalamu. Kwenye lile swali aliandika kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa herufi za ubaoni: NDIYO, TANGU 2016.