Furaha Kazini: Usiiahirishe Hadi Mwisho wa Mwezi

Wengi wanaokuja kwetu kutafuta ushauri nasaha hapa Lamu huletwa na uchovu. Kuna mwalimu aliyechoka na darasa, muuguzi aliyechoka na zamu za usiku, nahodha wa boti aliyechoka kugombania abiria gatini, na mhudumu wa hoteli kule Shela ambaye wageni wakipungua haitwi tena kazini. Ukiwauliza raha wataipata lini, majibu yanafanana: nikipandishwa cheo, nikipata kazi ya kudumu, nikimaliza mkopo, nikihamishwa. Furaha imeahirishwa, na leo imebaki ya kuvumilia tu.

Mwaka 1978, mwanasaikolojia Philip Brickman na wenzake nchini Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa katika jimbo la Illinois. Furaha yao haikupishana sana na ya wakazi wengine, na mambo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kula kifungua kinywa, yaliwapa raha ndogo kuliko wenzao. Binadamu huzoea upesi. Cheo kipya huzoeleka, na nyumba mpya pia. Sisemi kwamba pesa si kitu. Mtu ambaye watoto wake wanalala njaa hahitaji mawaidha kuhusu furaha, anahitaji ujira wake kamili na kwa wakati. Ninachosema ni kwamba ujira ukishapatikana, bado kuna saa nane za kazi kila siku, na hizo nazo zina namna yake ya kuziishi.

Jambo ambalo ningependa kila mfanyakazi alishike ni hili la kuona kazi inasonga. Watafiti Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya karibu taarifa 12,000 za shajara za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238, wakatafuta ni nini hasa huifanya siku ya kazi kuwa njema. Kilichotangulia vyote ni kupiga hatua, hata ndogo, katika kazi ambayo mtu anaona ina maana. Mtazame fundi wa nakshi wa Lamu anapofunga kazi jioni. Hupangusa vumbi la mbao kwa kiganja, hupuliza chembe zilizobaki ndani ya ua alilochonga, akapitisha kidole ukingoni kuhakikisha hapana mkwaruzo, ndipo akakusanya patasi zake. Mlango haujaisha na hautaisha kesho, lakini alipofikia anapaona kwa macho.

Muuguzi hana ubao wa kupapasa. Mwalimu vilevile. Kazi yao ya siku nzima haionekani jioni, na ndiyo maana wengi hurudi nyumbani wakidhani hawakufanya kitu. Dawa yake ni daftari. Kabla ya kuondoka, andika mstari mmoja tu: nini kimesonga leo? Mtoto fulani amesoma sentensi nzima bila kusaidiwa. Mama wa kitanda cha tatu ameketi mwenyewe. Nawe msimamizi, ukiliona jambo kama hilo, litaje mbele ya aliyelifanya siku hiyohiyo, usilihifadhi hadi ripoti ya mwaka.

Lipo zoezi jingine linalokaribiana na hilo, ambalo mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walilijaribu na kuchapisha matokeo yake mwaka 2005. Kila usiku kwa wiki moja, watu waliandika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, pamoja na sababu yake. Miezi sita baadaye bado walikuwa na furaha zaidi na dalili chache za huzuni, hasa wale walioendelea nalo kwa hiari. Sisi huku Alhamdulillahi haikauki mdomoni, na ni jambo jema. Zoezi hili linataka uende hatua moja mbele: uitaje neema yenyewe, na aliyeisababisha. Kwa mfano: mwenye boti alinisubiri nilipochelewa, kwa kuwa anajua nina zamu.

Kuhusu watu, ushahidi ni mwingi mno kuupuuza. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya wanaume, jumla yao 724. Robert Waldinger, anayeuongoza utafiti huo, anaeleza kwamba walioridhika na uhusiano wao na watu walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora walipofika 80. Mji wetu umejengwa kwa ajili hiyo: kila nyumba ya kale ina daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye viti vya mawe, na baada ya alasiri baraza hujaa wazee na vikombe vya kahawa chungu. Sasa nenda ofisini saa saba mchana. Kila mtu anakula peke yake, macho kwenye simu. Kuleni pamoja, hata mara mbili kwa wiki, na kazi isizungumzwe.

Waajiri nao wasikilize. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliofuatilia wauzaji wa kampuni ya simu ya BT, Uingereza, waligundua kwamba wiki ambazo wauzaji walikuwa na furaha, mauzo yao yalikuwa juu kwa takriban asilimia 13. Na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilieleza kwamba uchovu wa kupindukia kazini hutokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. Daftari halitaponya zamu tatu mfululizo bila mapumziko. Hilo ni jukumu la anayepanga zamu.

Na kama huzuni imekukaa wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea, chakula hakishuki, au unawaza kwamba bora usingekuwepo, usianze na zoezi lolote katika haya. Fika hospitali ya King Fahd hapa Lamu au kituo cha afya kilicho karibu, leo, ueleze waziwazi. Unaweza kuja na ndugu au mwenzako wa kazini.