2147483647 ni namba gani?

Ukitengeneza jedwali la wateja, safu ya simu ukaipa aina ya namba badala ya maandishi, unaweza kuja kukuta wateja wote wana simu moja: 2147483647. Namba ya simu inayoanza na 255, yenye tarakimu 12, haienei kwenye nafasi uliyotenga. Baadhi ya hifadhidata hazilalamiki. Zinaandika tu namba kubwa kuliko zote inayoweza kukaa hapo.

Kikomo hicho kinatokana na biti 32, yaani nafasi 32 ambazo kila moja inashika 0 au 1. Moja inashika alama ya chanya au hasi, zinabaki 31. Zote zikiwa 1, unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Saa za kompyuta za mtindo wa zamani, zinazohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, zitagota hapo tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki.

Wanahisabati walikuwa wakiifahamu 2147483647 zamani sana, kwa sababu nyingine kabisa: ni namba tasa. Hakuna kinachoigawa bila baki ila 1 na yenyewe. Mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alilithibitisha hilo kufikia 1772, kwa kalamu na karatasi. Kipeuo cha pili cha namba hiyo ni 46,340 na ushei, hivyo ukikosa kigawo hadi hapo, ujue hakipo. Lakini namba tasa za kujaribu hadi hapo ni karibu 4,800! Euler akaonyesha kwamba kigawo chake tasa, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo hazifiki 400, na nyingi si tasa, unaziruka. Zilizobaki alizijaribu, zote zikagoma.

Ukiizidisha kwa 2 kwa kipeo cha 30 unapata 2305843008139952128, namba ambayo vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha ileile, kama 6 ilivyo 1 + 2 + 3. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo kubwa ya aina yake itakayowahi kupatikana, kwa kuwa hazina faida na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea vibaya.

Je, kikomo cha kompyuta kuwa tasa kina maana yoyote? Hakina, ni bahati tu ya 31. Kipeo kikiwa si tasa, namba yenyewe huvunjika: 15 ni 3 × 5, basi kikomo cha biti 16, yaani 32767, kinagawanyika kwa 7 na kwa 31, ambazo ni 2 kwa kipeo cha 3 na cha 5, kila moja toa 1. Hata kipeo tasa si dhamana. Cha 11 kinatoa 2047, ambayo ni 23 × 89. Na kikomo cha biti 64 tulichohamia, 9223372036854775807, kigawe kwa 7: hakibaki kitu.