Mshahara wa mwanamke Nairobi: yasemwayo na yaliyo kweli

Jumamosi moja jioni nilisimama kando ya mjengo mmoja Kayole, nikimngoja rafiki yangu alipwe. Watu wa mkono walikuwa wamepanga foleni mbele ya msimamizi mwenye daftari. Kijana aliyeshinda akibeba karai la zege hadi orofa ya tatu alipewa shilingi 600. Mama aliyemfuata, aliyebeba karai kama hilo na kupanda ngazi zilezile za mbao tangu asubuhi, alipewa 500. Alipouliza, akajibiwa: "Wewe si una bwana nyumbani?" Akazifunga pesa zake kwenye pindo la leso, akaondoka bila neno.

Jibu hilo nalisikia kila mahali, hata kwenye ofisi zenye viyoyozi. Tuanze nalo.

"Mwanamume ndiye mwenye familia ya kulisha." Takriban theluthi moja ya kaya za Kenya zinaongozwa na wanawake. Tena historia ya jiji hili inaikana dhana hiyo. Nairobi ya ukoloni ilimlipa kibarua Mwafrika ujira wa kapera, kwa hesabu kwamba mke na watoto wamebaki mashambani na watajilisha wenyewe. Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mishahara ya Waafrika, katika ripoti yake ya 1954, ndiyo iliyopendekeza ujira unaoweza kutunza familia. Kwa miaka mingi, basi, jembe la mwanamke kijijini lilifidia mshahara mdogo wa mumewe mjini. Leo binti za wanawake hao wanaambiwa kwamba mlishaji ni mwanamume! Mshahara ni malipo ya kazi iliyofanywa. Mwajiri hana ruhusa ya kuchungulia sufuria ya mtu kabla ya kumlipa.

"Kazi za wanawake ni nyepesi." Yule mama wa Kayole ameshalijibu hili. Lakini hata pale kazi zinapotofautiana, sheria haisemi tu "kazi ileile". Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye *thamani* sawa, na Mkataba nambari 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, ambao Kenya imeuridhia, unasema hivyohivyo. Maana yake ni kwamba zinapimwa ujuzi, nguvu inayotumika, wajibu na mazingira ya kazi. Chukua kampuni yenye karani wa kike wa hesabu na mtunza stoo wa kiume. Vyeo ni tofauti, lakini kama mizani hiyo inalingana, basi mishahara ilingane.

"Pengo la mishahara kati ya wanaume na wanawake ni takwimu za kupikwa." Hapa watu huchanganya mambo mawili. Inaposemwa kwamba wanawake duniani hupata takriban asilimia 20 pungufu ya wanaume, haimaanishi kwamba kila mwanamke analipwa pungufu ya jirani yake wa meza. Hesabu hiyo inabeba pia kazi ambazo wanawake wamesukumiwa, vyeo walivyonyimwa na athari za uzazi. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ameonyesha kuwa katika nchi tajiri sehemu kubwa ya pengo la siku hizi hujitokeza baada ya mtoto wa kwanza. Kupata mtoto hakupunguzi ujuzi wa mtu, na likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili ni haki ya kisheria.

"Alikubali mwenyewe alipoajiriwa." Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana niliwahi kuambiwa. Niliajiriwa wiki ileile pamoja na mwanamume mwenye cheti kama changu, kazi moja, meza zikitazamana. Tulionywa tusitajiane mishahara. Siku moja aliacha karatasi yake ya mshahara kwenye mashine ya kuchapisha, nikaiona. Nilipolalamika, nilionyeshwa sahihi yangu kwenye mkataba. Laiti ningejua wakati huo kwamba masharti ya Sheria ya Ajira ndiyo kiwango cha chini kabisa, na makubaliano yoyote ya kuyapunguza ni batili! Sahihi yangu haikuhalalisha ubaguzi.

"Utathibitishaje?" Dhana hii ndiyo inayowanyamazisha wengi. Lakini katika kesi ya namna hii, sheria imeuweka mzigo wa ushahidi kwa mwajiri: yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua, au kwamba tofauti ile haikutokana na jinsia. Mfanyakazi anaweza kuanzia kwa afisa wa kazi au kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Aweke karatasi zote za mshahara, barua ya kuajiriwa, hata ujumbe wa simu wa kibarua cha siku, na asichelewe, kwa sababu madai ya ajira kwa kawaida hupewa miaka 3 tu. Hata daftari la yule msimamizi wa Kayole, lenye jina la kila mtu na alicholipwa, ni ushahidi.