Aya ya mwitikio kuhusu riwaya katika somo la Kiingereza

Aya ya mwitikio ni andiko fupi, aghalabu la sentensi sita hadi kumi na mbili, ambamo mwanafunzi aliyesoma riwaya, au sura moja tu ya riwaya hiyo, anatoa hoja moja kuhusu alichokisoma na kuitetea kwa ushahidi unaotoka ndani ya kitabu chenyewe. Mwalimu wa Kiingereza huweza kuidai kila baada ya sura moja au mbili, akiwa ametoa swali la kuelekeza, kwa mfano kwa nini mhusika fulani ameamua alivyoamua, au akimwachia mwanafunzi achague mwenyewe jambo lililomgusa. Kinachoitenga na maswali ya ufahamu ni kwamba jibu lake halimo kitabuni likisubiri kunakiliwa. Kilichomo kitabuni ni ushahidi; hoja hutoka kwa msomaji.

Kwa sababu hiyo aya ya mwitikio si muhtasari, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama. Mtu aliyezoezwa tangu shule ya msingi kusimulia upya hadithi aliyoisoma, kisha akafika sekondari akakuta notisi zilizokwisha kuorodhesha dhamira, wahusika na mafunzo ya kila kitabu teule, huona kwamba kazi yake ni kuthibitisha tu kuwa amesoma. Anaandika nani alikwenda wapi, nani alikufa, nani aliolewa, na mwishoni anaongeza sentensi moja kwamba mwandishi anatufundisha umuhimu wa elimu. Kila alichokiandika huenda ni kweli, lakini hakuna mahali ambapo amesema neno linaloweza kubishiwa, na sentensi isiyoweza kubishiwa na yeyote aliyesoma kitabu hicho bado haijawa hoja.

Tuichukue riwaya ya Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964, ambayo kwa miaka mingi imesomwa katika kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania. Kusema kwamba Njoroge, mvulana ambaye ndiye mhusika mkuu, anapenda shule ni kutaja jambo ambalo kila msomaji analiona. Kusema kwamba tumaini lake kuhusu shule lina hofu ndani yake tangu siku ya kwanza ni hoja, kwa kuwa msomaji mwingine anaweza kuuliza hofu hiyo iko wapi, na mwandishi wa aya analazimika kumwonyesha. Aya yenyewe, ambayo darasani ingeandikwa kwa Kiingereza, ingeweza kwenda hivi:

"Katika sura ya kwanza Ngũgĩ anaonyesha kwamba tumaini la Njoroge kuhusu shule linazaliwa pamoja na hofu. Mama yake, Nyokabi, anapomuuliza kama angependa kwenda shule, mtoto huyo anaingiwa na wasiwasi kwamba huenda mama atayatangua maneno yake. Nyokabi anamkumbusha kuwa wao ni maskini na kwamba hatapata chakula cha mchana kama watoto wengine, kisha anamtaka aahidi kwamba hatamwaibisha kwa kukataa shule siku moja. Ahadi hiyo inaigeuza elimu kuwa deni kwa mama kabla mtoto hajakanyaga darasani. Baadaye, polisi wanapomtoa katika shule ya Siriana, Njoroge hajaivunja ahadi hiyo. Alikuwa amejifunga kuvumilia njaa na shida, lakini kilichomkatizia masomo ni vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni, ambavyo uvumilivu wa mtoto mmoja usingeweza kuvizuia."

Sentensi ya kwanza ndiyo inayobeba hoja, na mbili zinazofuata zinaleta ushahidi. Ushahidi si lazima uwe dondoo la neno kwa neno. Tukio lililotajwa kwa usahihi linatosha, mradi msomaji aweze kulipata. Dondoo likitumika, maneno machache yaliyofungwa katika alama za kunukuu na kuingizwa ndani ya sentensi ya mwanafunzi mwenyewe yana nguvu kuliko mistari mitano iliyonakiliwa na kuachwa peke yake. Nambari ya ukurasa nayo husaidia, ingawa kwa kuwa matoleo ya kitabu kimoja hutofautiana, ni vyema kutaja na sura.

Sehemu ninayoiona kuwa moyo wa aya hii, na ambayo hupewa nafasi ndogo kuliko zote katika madaftari ya wanafunzi, ni ile inayokuja baada ya ushahidi. Sentensi inayosema kwamba ahadi inaigeuza elimu kuwa deni haimo katika riwaya kwa maneno hayo. Imepatikana kwa kujiuliza swali la nyongeza: je, kama mama angetoa shule bila sharti lolote, hadithi ingebadilika wapi? Mwanafunzi anayejiuliza hivyo anagundua kwamba mazungumzo mafupi ya mwanzo yanaubadilisha uzito wa tukio la Siriana, lililo mbali sana mbele, na kwamba machungu ya Njoroge yana sura mbili, ya kukosa alichokipenda na ya kushindwa kulipa alichokopeshwa. Huo ndio ufafanuzi. Anayeweka dondoo kisha akaandika kwamba hii inaonyesha Njoroge anapenda elimu, amerudia hoja yake kwa maneno mengine na hajaifafanua.

Je, hisia za msomaji zina nafasi? Zinayo, na neno mwitikio linaziruhusu. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao ada na sare hupatikana kwa shida anaweza kuisoma sura hiyo kwa namna ambayo mwenzake hawezi, na hana sababu ya kulificha hilo. Sharti ni kwamba hisia imrudishe kitabuni: akisema ameumia, aonyeshe ni tendo gani au ni neno gani la mhusika lililomuumiza, na kwa nini. Walimu wengine hukataza matumizi ya nafsi ya kwanza na wengine huyahimiza, hivyo ni busara kuuliza kabla ya kuandika.

Lipo pia suala la nyakati za vitenzi. Katika uandishi wa Kiingereza kuhusu fasihi, matukio ya riwaya huelezwa kwa wakati uliopo hata kama mwandishi aliyasimulia kwa wakati uliopita, na kuchanganya nyakati hizo mbili ndani ya aya moja huvuruga usomaji.

Zoezi hili haliishii kwenye daftari. Nchini Kenya, karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, hudai insha kuhusu vitabu teule, kila moja ikiwa na alama 20, na kila aya ya katikati ya insha hiyo hujengwa kama ilivyoelezwa hapa. Kinachoongezeka ni utangulizi, hitimisho na kazi ya kuziunganisha aya zenyewe, kwa sababu katika insha hoja ya aya ya pili inapaswa kuisogeza mbele hoja ya aya ya kwanza, ilhali aya ya mwitikio husimama peke yake.