Kabla Hujaambiwa Mota Imeungua

Pampu nyingi zinazoletwa kwenye karakana ya chuo chetu hapa Malindi huwa zimeshahukumiwa. Mwenye nyumba ameambiwa, "Hii imekwisha, tafuta nyingine," naye amekuja kuuliza tu kama kuna cha kuokoa. Tukifungua twakuta kapasita imevimba, au sili, ile pete inayozuia maji yasifike kwenye mota, imeliwa na mchanga, au impela, lile gurudumu linalosukuma maji, imeganda kwa kuwa wenyewe walisafiri mwezi mzima. Koili za mota, yaani nyuzi za shaba zilizosukwa ndani yake, ni nzima kabisa.

Haya ni kwa mwenye pampu ndogo ya nyumbani, ile ya nusu farasi au farasi moja, inayovuta maji kisimani au kwenye tangi la chini na kuyapandisha darini. Mwishoni nitamgeukia mwenye pampu ya kuzama, inayokaa ndani ya shimo la kukusanyia maji ya mvua.

Mji wetu unategemea visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, na chanzo hicho kinagawanywa pia hadi Mombasa. Maji ya mfereji huja kwa zamu. Ndiyo maana ukipita Maweni, Barani au Shella utaona nyumba nyingi zina tangi chini, tangi juu na pampu katikati. Lamu nako watu wanategemea visima vifupi na maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Pampu ikigoma, nyumba nzima inarudi kwenye ndoo.

Kabla ya jambo lolote, kata umeme. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi: chomoa plagi, na kama pampu imeungwa moja kwa moja, zima kwenye swichi kubwa na umwachie mtu maagizo asiiguse. Sakafu ya pampu karibu kila mara imelowa, na stima yetu ni volti 240. Kama saketi ya pampu haina swichi inayojikata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, mwite fundi wa stima aiweke hata kama pampu yako haina shida yoyote leo.

Sasa sikiliza. Pampu nzima ina mvumo mmoja usiopanda wala kushuka. Ikianza kupiga kelele kali ya chuma, beringi zinaisha, na beringi hupatikana madukani kwa namba iliyochongwa ubavuni mwake. Ukisikia mlio wa kokoto zinazogongana ndani, hewa inaingia au maji hayafiki ya kutosha. Kelele inayowatisha wengi ni ile ya tatu: inanguruma tu, haizunguki. Hapo usisubiri uone kama itajirekebisha. Mota iliyokwama huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida, na ni katika dakika hizo chache za kusubiri ndipo koili zinaungua kweli.

Baada ya kukata umeme, fungua kifuniko cha feni nyuma ya mota. Mara nyingi kinashikwa na skrubu tatu au nne. Ndani utaona feni, na katikati yake ncha ya shafti. Pampu nyingi zina mfuo pale wa kuingiza bisibisi. Jaribu kuizungusha. Ikikataa, umepata jibu: impela imekwama. Katika pampu hizi ndogo nafasi kati ya impela na ukuta wake haifiki hata milimita moja, na maji yetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Pampu ikikaa wiki kadhaa bila kazi, chokaa na kutu hushika pale. Izungushe polepole mbele na nyuma, usiipige nyundo. Isipoachia, fungua boliti za kichwa cha pampu, toa impela uiloweke kwenye siki ya jikoni hadi ule ukoko mweupe uwe laini, kisha isugue kwa mswaki wa zamani. Msasa achana nao. Utakula shaba, na ile nafasi ikipanuka pampu haitapandisha tena.

Ikiwa shafti inazunguka vizuri kwa mkono lakini umeme ukirudi inanguruma, shaka iende kwa kapasita. Ni kile kikopo kidogo ndani ya kisanduku cha waya, na kazi yake ni kuipa mota msukumo wa kuanza. Ikiwa imevimba juu, imepasuka au inatoa mafuta, haina haja ya kupimwa. Ikionekana nzima, ipime kwa kipimo chenye alama ya mikrofaradi. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 10 chini ya namba iliyoandikwa ubavuni, ibadilishe. Lakini angalia: kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, na inaweza kukurusha. Iguse ncha zake mbili kwa waya za balbu ya zamani, ile ya uzi, ili iishiwe kwanza. Nunua mpya yenye mikrofaradi zile zile, na volti zisizopungua zilizoandikwa kwenye ya zamani. Muuza duka akikwambia "hii kubwa itaipa nguvu zaidi," mrudishie. Kapasita kubwa kupita kiasi huipasha mota moto kila siku. Bei yake haifiki sehemu ya kumi ya pampu mpya, na hiki ndicho kifaa kinachowatupisha watu pampu nzima kuliko kingine chochote ninachokiona.

Kuna pampu inayozunguka vizuri tu, ila maji hayaji. Hii ni shida ya upande wa kuvuta, na mota haina kosa. Fungua kizibo cha kujazia, mimina maji hadi juu, kisha subiri dakika kumi. Yakishuka yenyewe, valvu ya chini kisimani haifungi. Mara nyingi ni jani au mchanga umekaa mdomoni. Maji yakibaki palepale na bado pampu haivuti, hewa inaingia kwenye maungio ya bomba la kuvutia. Hewa inayoingia haitoi tone nje, kwa hiyo macho hayatakusaidia. Paka povu la sabuni kwenye kila ungio pampu ikiwa inafanya kazi, na utaona mahali povu linanyonywa ndani. Fungua ungio hilo, safisha meno, zungusha tepu nyeupe ya mabomba upya, kaza.

Kuna sababu nyingine ambayo fundi hawezi kuitengeneza. Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji yaliyo chini yake zaidi ya mita saba au nane hivi, iwe ya nusu farasi au ya farasi mbili. Nguvu ya kuvuta hutoka kwenye uzito wa hewa unaoyasukuma maji, na farasi hazina neno hapo. Kisima kilichovuta vizuri baada ya masika kinaweza kugoma mwezi wa Februari, kaskazi ikiwa imevuma na maji yameteremka. Ukipima kwa kamba na jiwe utajua kwa dakika tano kama pampu imechoka au maji ndiyo yamekimbia.

Na hapa ndipo watu wa pwani hujiletea hasara kubwa. Maji yakipungua, wananunua pampu kubwa zaidi. Katika Kisiwa cha Lamu, na kwetu huku karibu na ufuo, maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Ukiyateka kwa nguvu, usawa wa maji matamu unashuka na chumvi inapanda kutoka chini kujaza nafasi. Kwa hesabu inayotumiwa kukadiria jambo hili, maji matamu yakishuka sentimita moja tu, chumvi inaweza hatimaye kupanda sentimita zipatazo 40. Wazee waliojua kuteka kwa ndoo asubuhi na kukiacha kisima kipumzike hawakuhitaji hesabu hiyo. Kisima kikishaingia chumvi hakirudi haraka, na pampu nayo inaanza kuliwa kwa ndani. Pampu ndogo inayofanya kazi muda mrefu kidogo, na kupumzika, ni bora kuliko kubwa inayokausha kisima kwa dakika kumi.

Nikiwa bado kisimani: usishuke ndani kuangalia valvu. Vuta bomba lote juu. Hewa ya kisima inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote ya kukuonya, na jenereta au pampu ya petroli iliyowekwa ndani ya kisima au mdomoni mwake hutoa moshi unaoua kabla mtu hajaita.

Sili ni jambo la kupitia haraka, lakini msilidharau. Pitisha kidole chini, pale mota inapokutana na kichwa cha pampu. Pakiwa na unyevu, au pana mstari wa kutu unaoteremka, sili ya shafti inavuja. Leo ni tone. Likiachwa linafika kwenye beringi, kisha kwenye koili, na siku hiyo swichi itaanza kujikata kila ukiwasha. Nenda dukani na sili ya zamani mkononi, kwa sababu kipenyo cha shafti kikipishana hata kidogo, mpya haitakaa. Uso wake laini usiushike kwa vidole vyenye mafuta au mchanga.

Halafu kuna hewa ya bahari. Fungua kisanduku cha waya cha pampu iliyokaa miaka miwili nje katika nyumba ya ufuoni: utakuta shaba imeota ukoko wa kijani, skrubu hazigeuki, na plastiki karibu na ungio moja imegeuka rangi ya kahawia kwa joto. Ungio lililolegea linapunguza volti zinazofika, mota inahangaika, na mtu anasema stima ni dhaifu. Kata ncha iliyoharibika, menya waya upya, kaza, paka grisi nyembamba kwa nje. Jambo moja naliona kila mtaa na silipendi: kuifunga pampu kwa nailoni. Nailoni inazuia joto kutoka na inahifadhi unyevu usiku. Ijengee kibanda kidogo cha bati au makuti chenye pande zilizo wazi, juu ya jiwe au zege, mvua isiifikie.

Nije sasa kwa pampu ya kuzama. Wengi waliichimbia shimo baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2023, na tangu hapo haijaangaliwa. Pampu hii hulala miezi, kisha inatakiwa kuamka usiku mmoja wa masika. Mwezi wa Machi, kabla mvua hazijaanza, mimina ndoo za maji shimoni. Floti, lile boya linaloiwasha na kuizima, ipande, pampu ijiwashe, maji yatoke, kisha ijizime yenyewe. Ikiwa haijiwashi, inua floti kwa fimbo: ikiwaka, floti imenasa ukutani au kwenye waya wake, nayo inataka kusogezwa tu. Ikiwaka bila kutoa maji, safisha chujio la chini, kisha tazama bomba. Bomba lenye valvu ya kuzuia maji yasirudi linahitaji tundu dogo la milimita tatu hadi tano chini ya valvu hiyo, ili hewa iliyofungiwa itoke. Wafungaji wengi hulisahau, na pampu huzunguka kwenye hewa hadi inapata moto. Tundu hilo litarusha maji kidogo ndani ya shimo, yaache.

Unapoitoa, ivute kwa kamba, kamwe usitumie waya wa umeme. Usiiwashe ikiwa nje ya maji, kwa kuwa maji ndiyo yanayoipoza. Na mdomo wa bomba la kutolea uwe mbali na kisima chako na cha jirani, maana yanayotoka humo yamepita vyooni na uani.

Yako mazingira ambapo kununua mpya ni busara. Mota ikitoa harufu ya vanishi iliyoungua, au kipimo cha insulesheni, ile kinga ya nyuzi za koili, kikionyesha chini ya megaomu 1 hata baada ya mota kukaushwa juani siku mbili, koili zimekwenda. Kusuka koili upya kwa pampu ya nusu farasi hugharimu karibu sawa na pampu nyingine. Kwa ile ya farasi mbili yenye kichwa kizuri cha shaba, inalipa. Ukinunua, mwombe fundi akuachie ile ya zamani. Kifuniko cha feni, boliti, wakati mwingine hata impela, vitakufaa kama umechukua ya aina ile ile.