Kizima ni kitu kingine, si "kikubwa zaidi"

Saikolojia ya Gestalti, yaani ya umbo zima, hubandikwa msemo kwamba kizima ni kikubwa kuliko jumla ya sehemu zake. Sivyo. Kurt Koffka, mmoja wa waasisi wake, aliandika mwaka 1935 kuwa kizima ni kitu kingine, tofauti na jumla hiyo. Kujumlisha kwenyewe hakuna maana hapa.

Jaribio ambalo mwasisi mwenzake, Max Wertheimer, alilifanya Frankfurt, Ujerumani, na kulichapisha 1912, linaonyesha hilo vizuri. Mistari miwili inamulikwa kwa kupokezana. Pengo likiwa milisekunde 200 hivi, unaona mmoja, kisha wa pili. Likiwa 30, yote inawaka pamoja. Likiwa karibu 60, unaona mstari mmoja unaohama. Hakuna kilichoongezeka: viwili vimeonekana kimoja, na mwendo huo haumo katika mstari wowote.