Hadiwea inayozaa watoto badala ya kukua

Mimi kazi yangu ni kutengeneza vitabu vya hesabu vya wenye maduka madogo hapa Busia, upande wa Uganda, na nikiulizwa mbona biashara zetu hazikui watu wanangoja niseme mtaji. Sawa, riba za benki kila mtu anazijua. Lakini kuna ukuta mwingine wanaougonga hata wale wanaouza vizuri, nao ni mauzo ya shilingi za Uganda milioni 150.

Mauzo yako ya mwaka yakiwa chini ya hapo unalipa kodi ndogo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ukiwa na rekodi safi haifiki hata milioni moja. Ukivuka unaingia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18, risiti za EFRIS, ule mfumo wa URA wa risiti za kielektroniki, na kodi ya faida yenyewe. Sasa milioni 150 inasikika kama pesa ya tajiri, lakini hayo ni mauzo jamani, sio faida!

Chukua simiti kwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi. Tuseme mfuko unauza 35,000 na wewe unabaki na 1,500. Ukifungua siku sita kwa wiki, mifuko 14 tu kwa siku imeshakuvusha. Faida hapo ni 21,000 kwa siku, na bado hujalipia chumba, stima na kijana wa kubeba.

VAT yenyewe kwenye karatasi haina ubaya, kwa sababu ile uliyolipa ukinunua inatolewa, kwa hiyo kwa mfuko ule unadaiwa kama 229 basi. Ila itatolewa kama una risiti ya EFRIS. Huna? Unadaiwa 5,339 kwa mfuko uliokupa 1,500. Na wale wauzaji wa jumla wa katikati, ambao ndio wanakopesha mali, ukiomba risiti wanakwambia "ya risiti bei yake ni nyingine," hiyo nimeisikia mpaka nimechoka. Wafanyabiashara wa Kikuubo, soko la jumla la Kampala, walipofunga maduka Aprili 2024 kwa sababu ya EFRIS, watu wakasema hawa hawataki tu kulipa kodi. Wengine kweli hawataki, mi nawajua. Lakini wengi shida yao ni hii hesabu.

Mzee mmoja ninayemfanyia vitabu alipokaribia mstari akafungua duka la pili ng'ambo ya barabara kwa jina la mkewe. Nikamwambia mzee, URA wakiona maduka yote mawili ni ya mtu mmoja wanaweza kuyajumlisha. Akanijibu, "Mwanangu, kwani mama hawezi kuwa na duka?"

Halafu akaenda benki kutafuta pesa ya lori. Wakaangalia kitabu cha duka lake, wakaona nusu ya biashara, wakampa mkopo wa nusu. Lori hakununua. Kijana wake bado anavusha simiti begani kutoka duka la baba kwenda la mama, na mimi naandika kwenye vitabu viwili.